Roboti inachajiwa usiku kucha, inacheza dakika tatu: iwekwe betri gani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mwanangu ana roboti ya kucheza muziki, ya rimoti, tuliinunua Kariakoo mwaka juzi. Siku hizi naichaji usiku kucha kwa waya wake wa USB, lakini ikishuka sakafuni inacheza dakika tatu, inasuasua, inazima. Nimefungua mfuniko wa mgongoni nikakuta betri tatu zimefungwa pamoja kwa nailoni ya kijani, zimeandikwa Ni-Cd AA 700mAh 3.6V. Fundi simu wa hapa mtaani anasema atanifungia betri ya simu ya kitochi, ya 3.7V, kwa sababu volti ni zilezile na itakaa zaidi. Shemeji yangu anasema nitie betri za kawaida za dukani tu. Nimsikilize nani? – Mama Nasra, Morogoro

Jibu: Mama Nasra, fundi simu usimsikilize. Shemeji yako ana nusu ya ukweli, nitamrudia baadaye.

Anachokosea fundi wako wanakosea wengi, wakiwemo mafundi wazuri. Betri ya kuchaji haichaguliwi kwa volti peke yake. Huchaguliwa kwa kuangalia kwanza ni kitu gani kitakachoichaji. Roboti yenyewe haina maneno mengi: mota zake na bodi yake zikipata volti tatu na ushee, itacheza. Wewe ukimpa betri ya simu, jioni ya kwanza itacheza vizuri kweli, na fundi ataonekana bingwa. Balaa linaanza usiku, pale utakapochomeka ule waya wa USB.

Hebu tutazame hizo namba. Betri yako ni seli tatu za nikeli na kadimiamu. Kila moja ina volti 1.2, zikifuatana zinakuwa 3.6. Betri ya simu ni seli moja ya lithiamu yenye 3.7 kwa wastani. Kwenye lebo zimepishana kwa 0.1 tu, ndiyo maana zinaonekana ndugu. Lakini lithiamu ikijaa ni 4.2 kamili, na hapo ni lazima chaji ikatwe. Ukizidisha, madini ya lithiamu huanza kujipaka ndani ya seli, maji yake ya kemikali huvunjika kuwa gesi, betri huvimba, na mwisho wake unaweza kuwa moto. Nikeli-kadimiamu haiko hivyo. Ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hugeuka joto, na mkondo ukiwa mdogo seli huvumilia kwa saa nyingi.

Watengenezaji wa midoli wanaujua uvumilivu huo, ndiyo maana chaja zao ni za bei ya chini ajabu. Ukiupasua ule waya wa USB kwenye kichwa chake, mara nyingi unakuta rezista, kitaa kidogo, na labda dayodi. Basi. Fikiria tangi la maji la nyumbani: lililofungwa boya hujifunga lenyewe likijaa, lisilo na boya humwaga mpaka mtu afunge koki. Simu ina boya ndani yake. Waya wa roboti yako hauna. Kitaa chake kikiwa kinawaka mfululizo mpaka uchomoe, ujue hakijui kama betri imejaa au haijajaa, kinakuambia tu kwamba umeme unapita.

Najua fundi wako atasema betri ya simu ina ulinzi ndani. Ni kweli. Ile BL-5C iliyotoka kwenye Nokia ikahamia kwenye kila redio ndogo ya mkononi ina kijibodi kinachokata umeme volti zikipanda kupita kiasi, kwa kawaida karibu na 4.3. Lakini kijibodi hicho kiliwekwa kwa ajili ya siku ya ajali, si kwa ajili ya kufanya kazi kila usiku badala ya chaja. Tena hapo naisemea betri halisi. Zile za kuiga, sina haja ya kukueleza wewe unayeishi Tanzania. Na hata halisi si malaika: mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitoa tahadhari juu ya BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kwamba zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji. Hizo zilikuwa zinachajiwa na chaja zinazostahili.

Kuna njia sahihi ya kuweka lithiamu, na kama fundi wako anaijua, mpe heshima yake. Anatakiwa aondoe kabisa njia ya zamani ya kuchaji, afunge kijibodi cha kuchaji lithiamu kama TP4056, tena abadilishe rezista inayopanga mkondo, kwa sababu vijibodi hivyo vikitoka dukani vimepangwa kutoa ampea 1, na seli ndogo ya mAh 500 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) haitaki kusukumwa hivyo. Halafu afunge seli yenye kijibodi chake cha ulinzi, atoboe tundu la kuchajia, na ule waya wa zamani autupe ili asije mtu akauchomeka. Kazi inawezekana. Kwa mdoli wa mtoto mimi siifanyi ila roboti iwe ya thamani kubwa.

Sasa tuseme nini kiliiua betri yako, maana bila kulijua hilo utaua na mpya. Angalia kwenye kichwa cha waya wa USB, nyingi zimeandikwa 250mA, yaani mkondo unaotoka hapo. Betri yako ni 700mAh. Gawa 700 kwa 250 unapata saa 2.8, kisha zidisha kwa 1.4, kwa sababu betri za aina hii hazihifadhi kila unachoziingizia. Jibu ni karibu saa 4. Wewe ulikuwa unaichaji usiku kucha, tuseme kuanzia saa tatu usiku mpaka asubuhi kumi na mbili, yaani saa nyingine tano za kuipika betri ambayo imeshajaa. Ule uvumilivu niliousema ni wa mkondo mdogo, kama moja ya kumi ya uwezo wa betri, ambao kwako ungekuwa 70mA. Kwa 250mA ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Joto la kila usiku hukausha seli na kuharibu kizuizi chembamba kilichomo kati ya pande mbili, mpaka siku moja seli moja inapiga shoti kwa ndani.

Na seli zikifuatana, moja ikichoka zote zimechoka. Mbili nzima huendelea kusukuma umeme kupitia ile iliyokwisha mpaka zinaigeuza, chanya ikawa hasi. Roboti inasuasua, inazima. Ndicho hicho unachokiona.

Lakini usinunue kwanza. Azima mita, au mwambie huyohuyo fundi simu akupimie, ni kazi ya dakika chache. Chaji betri kwa saa nne, ichomoe, iache itulie saa moja. Mita iwekwe kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Betri nzima ya seli tatu itasoma kati ya 4.0 na 4.2 hivi. Ikisoma 2.7 au karibu na hapo, seli moja imekufa, huna haja ya kuendelea. Ikisoma vizuri, irudishe kwenye roboti, washa, na uipime tena wakati mota zinazunguka. Ikishuka chini ya 3 papo hapo, betri imechoka hata kama ikiwa imetulia inajitia uzima. Kama inabaki juu ya 3.4 na roboti bado inazima, tatizo liko kwingine: swichi yenye kutu, waya ulioachia kwenye bodi, au, na hili nimelikuta mara nyingi kuliko unavyodhani, nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli za magurudumu ya miguuni mpaka mota inavuta umeme mwingi. Kwenye nyumba yenye watoto wa kike wanaosukwa rasta, anzia hapo.

Tuchukulie betri ndiyo imekufa. Una njia mbili za maana.

Ya kwanza ni kuweka ya aina ileile, au ndugu yake wa kweli, nikeli-metali-haidraidi, inayoandikwa Ni-MH. Nayo ni 1.2 kwa seli, seli tatu 3.6, na inakubali kuchajiwa na waya wako mradi uhesabu saa. Haina kadimiamu, ambayo ni sumu, na kwa ukubwa uleule inabeba zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haipendi kabisa kuzidishiwa chaji. Kwa hiyo usivutiwe na namba kubwa. Ukinunua ya 2000mAh, kwa waya wa 250mA itahitaji saa 11 kujaa, na nani atakumbuka kuchomoa saa hiyo? Ya mAh 1000 inajaa kwa saa tano na nusu hivi, inachajiwa mchana ukiwa nyumbani, na mtoto anapata muda wa kucheza ulio mrefu kuliko alivyopata roboti ilipokuwa mpya.

Ya pili, ambayo mimi ningeichagua kama nafasi inatosha, inatokana na wazo la shemeji yako. Nunua kasha la plastiki la kuwekea betri tatu za AA, lenye waya mbili, jekundu na jeusi. Fundi auhamishie plagi ya betri ya zamani. Ndani yake weka betri tatu za AA za kuchaji, Ni-MH, za kampuni inayojulikana, na uzichaji nje ya roboti kwa chaja yake ya ukutani, ile inayochaji kila betri peke yake na kukata yenyewe zikijaa. Hapo umepata boya. Seli zikifa unazibadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi, na chaja hiyohiyo itakuhudumia kwenye rimoti, saa ya ukutani na tochi. Kabla ya kununua pima chumba cha betri kwa rula: kasha la AA tatu zilizolala sambamba lina upana wa karibu sentimita 5 na urefu wa karibu 6, wakati betri iliyofungwa kwa nailoni imebanana zaidi. Kama haliingii, rudi kwenye njia ya kwanza. Usimwache mtu akate plastiki ya mgongoni ili tu liingie, kasha likining'inia nje mtoto atalivuta.

Shemeji anakosea wapi? Kwenye betri za kawaida zenyewe. Tatu mpya za alkalini zinapita volti 4.5, juu ya kile roboti ilichozoea. Zile za bei rahisi za kaboni na zinki haziwezi kutoa mkondo mota zinazoutaka, zitakwisha haraka na utakuwa mteja wa kudumu wa duka la mangi. Kubwa kuliko yote, siku zikiwa ndani mtu akachomeka waya wa kuchaji, betri zisizochajika zinaweza kuvuja au kupasuka. Akisisitiza kuzitumia, ule waya ufichwe usionekane.

Ukifika dukani utakutana na mtego wa plagi. Hiyo plagi ndogo yenye kijilimi cha kubana, ambayo wauzaji huiita SM, imewekwa kwenye betri za 3.6, 4.8, 6 na 7.2, na kwenye lithiamu pia. Zote zinaingia. Kuingia kwa plagi hakumaanishi lolote. Kibaya zaidi, viwanda havikubaliani upande wa chanya: unaweza kupata betri mpya yenye waya mwekundu ulipo mweusi kwenye ya zamani. Weka plagi mbili zikitazama upande mmoja, linganisha rangi, kisha mita ithibitishe kabla ya kuchomeka. Zikiwa kinyume, usikate. Kuna kijilimi cha chuma ndani ya plagi, ukikibonyeza kwa pini waya hutoka, unaubadilishia upande. Roboti ikichomekwa kinyume bodi huungua kwa muda mfupi kuliko wa kusema "loh".

Na nyaya za chaja kama nyumbani mna magari na helikopta za rimoti nazo, ziandikeni kwa kalamu ya maka kila mmoja ni wa nani. Plagi zao zinafanana na kemikali za betri hazifanani.

Kazi yenyewe ni fupi. Zima swichi. Kama betri imechomekwa kwa plagi, chomoa, chomeka mpya, umemaliza. Kama imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, waya zikatwe mmoja mmoja, ya kwanza ifungwe tepu ndipo ya pili ikatwe. Mkasi ukikata zote mbili kwa pamoja, chuma cha mkasi kinaziunganisha na betri inapiga shoti mkononi mwako. Kulehemu kufanyike kwenye waya, kamwe si kwenye mwili wa seli. Pasi ya kulehemu ikigusa seli muda wa kutosha kuyeyusha risasi juu yake, joto linaharibu muhuri wa ndani na betri mpya inakuwa kuukuu kabla haijatumika. Seli zinazouzwa zikiwa na vipande vidogo vya bati kwenye ncha zimetengenezwa kwa ajili hiyo, omba hizo.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya chumba cha betri, seli imevuja. Ule ni uchafu wa magadi makali, usiushike kwa vidole vitupu wala kuupuliza. Vaa glavu au mfuko wa nailoni, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, futa mpaka uache kutoa povu, malizia kwa spiriti, acha pakauke kabisa.

Kwa wasomaji ambao roboti zao zimeandikwa Li-ion au Li-Po, hayo yote yanageuka. Hapo weka lithiamu tu. Volti zilingane, betri iwe na kijibodi cha ulinzi chini ya tepu ya njano, na ukubwa usomwe kwenye namba: 503040 ni unene wa milimita 5, upana 30, urefu 40. Ya mviringo 14500 ni kipenyo cha milimita 14 na urefu wa 50, sawasawa na AA, lakini volti zake ni za lithiamu, 3.7, kwa hiyo mwangalieni sana mtoto asiichomeke kwenye rimoti. Mkiona 18650 imeandikwa 9900mAh, mwacheni muuzaji na betri yake: nzuri kabisa za saizi hiyo zinafika karibu 3500. Na ikiwa betri imevimba, isibonyezwe ili irudi, isitobolewe, isichajiwe tena hata mara moja.

Turudi kwako. Betri ya zamani usiitupe jalalani kwa kuwa majalala yetu yanachomwa, na kadimiamu ikichomwa inaingia kwenye moshi na majivu. Chooni pia hapana. Ulaya walizuia betri za aina hii kwenye bidhaa nyingi za nyumbani kwa agizo la mwaka 2006, huku kwetu bado zinakuja ndani ya midoli. Ziba ncha zake kwa tepu, iweke kwenye kopo kavu mbali na watoto, umpe anayekusanya taka za kielektroniki. Walio Nairobi wana WEEE Centre inayopokea vitu hivyo.

Chaji ya kwanza ya betri mpya ifanye mchana, roboti ikiwa juu ya sakafu ya saruji au sahani ya udongo, siyo kitandani. Weka kengele ya simu kwa saa ulizopiga hesabu. Iguse katikati ya muda: uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kuishika chomoa. Mizunguko miwili mitatu ya mwanzo inaweza kucheza kidogo kuliko ilivyotarajiwa, betri za nikeli huamka polepole. Kama baada ya hapo bado inazima ndani ya dakika chache, pima volti mota zikizunguka, uniandikie namba uliyoipata pamoja na kilichoandikwa kwenye kichwa cha waya wa USB.